Chumba cha Visu na Matete: Mhadhara Kuhusu Siku ya Wapiga Obo na Basuni



Nimeombwa nizungumzie mustakabali wa ala za kupuliza katika vyuo vyetu. Naomba mniruhusu nianzie mbali. Huko Marekani, vyuo vikuu vingi vyenye idara ya muziki vina desturi ambayo kwetu haijasikika sana. Siku moja katika mwaka, aghalabu Jumamosi au Jumapili, idara hufungua milango yake kwa wapigaji wa ala mbili tu, obo na basuni. Anakuja mtoto wa sekondari akisindikizwa na mama yake, anakuja mwalimu wa shule, anakuja mstaafu aliyeirudia ala yake baada ya kumaliza kulea, anakuja mpigaji wa okestra ya kulipwa. Wanashinda pamoja kutwa nzima, wanafundishana, wananunua vifaa, wanachonga, na jioni wote hupanda jukwaani kupiga pamoja. Baada ya hapo kila mtu hushika njia yake.

Ukiiandika hivyo kwenye karatasi ya bajeti, inaonekana shughuli ndogo. Mimi nimeishuhudia nilipokuwa mwanafunzi huko, na nasema bila kusita kwamba sijaona njia bora kuliko hiyo ya kuitunza elimu iliyo hatarini kupotea. Ndiyo maana nimeileta mbele yenu, ninyi wazee wapiga zumari mliokubali kuja kukaa nasi jioni ya leo.

Kwa wasiozijua ala hizi, obo ni bomba la mti mweusi lenye urefu wa sentimita 65 hivi, jembamba juu na lenye kupanuka kidogo kidogo hadi chini, likiwa limetandazwa funguo za rangi ya fedha. Okestra inapokuwa imeketi tayari kuanza, sauti ya kwanza mnayoisikia ni ya obo. Hutoa noti ya La, na wengine wote, kuanzia fidla hadi tarumbeta, hujilinganisha nayo. Basuni ni nduguye mkubwa. Bomba lake lina urefu wa karibu mita mbili na nusu, nalo limekunjwa ili mtu aweze kulikumbatia. Sauti yake hushuka chini kabisa, lakini pia hupanda hadi msikilizaji asijue anasikia ala gani. Igor Stravinsky aliitumia hivyo mjini Paris mwaka 1913, alipoufungua muziki wa *Le Sacre du printemps* kwa basuni iliyo peke yake, juu sana. Sergei Prokofiev naye, katika hadithi yake ya watoto ya Petro na mbwa mwitu ya mwaka 1936, alimpa bata sauti ya obo na babu sauti ya basuni, na watoto wengi duniani wamezifahamu ala hizi kwa njia hiyo.

Kinachozifanya obo na basuni kuwa za ukoo mmoja ni ulimi. Klarineti na saksofoni zina ulimi wa bapa moja, unaotikisika juu ya kinywa cha ala kilichotengenezwa kiwandani. Obo na basuni hazina kinywa hicho. Zina mabapa mawili ya tete yaliyofungwa pamoja kwa uzi, na mpigaji huyashika kwa midomo yake na kuyatikisa kwa pumzi. Sauti yote inaanzia hapo. Wazee wangu hapa mbele hawahitaji maelezo zaidi. Zumari nayo hulia kwa ulimi, ingawa wake ni wa majani.

Sasa fikirieni hesabu ya bendi ya shule. Klarineti zinaweza kuwa kumi, tarumbeta nane, saksofoni sita. Mtoto wa klarineti akikosea, hutazama vidole vya jirani yake akajirekebisha. Mtoto wa obo hana jirani. Wa basuni naye hana. Mwalimu wa bendi, ambaye pengine amekulia kwenye tarumbeta au ngoma, anaweza kumfundisha kusoma noti na kuhesabu mapigo, lakini hawezi kumweleza kwa nini leo ala yake inakataa kulia, maana sababu iko kwenye ulimi, na mwalimu huyo hajapata kuchonga ulimi maishani mwake. Basi mtoto hukaa mwaka wa kwanza na wa pili akiamini kuwa kasoro ni yake. Wengine huhamia saksofoni. Nimewasikia watu wazima, wapigaji wa kuaminika, wakisimulia kwamba walipokuwa vijana walikuja kwenye siku kama hii, wakaketi katikati ya wenzao, na ndipo wakajua kwa mara ya kwanza kwamba shida zao ni za kila mtu.

Chuo chenyewe kina haja yake. Okestra inayotaka kupiga simfonia ya Beethoven yahitaji obo mbili na basuni mbili. Inaweza kuwa na wapiga fidla arobaini, lakini wakikosekana hao wanne, simfonia haipigiki. Kwa hiyo mwalimu anayeisimamia siku hii huwa anatafuta pia wanafunzi wake wa kesho, na wapo wanaoinung'unikia kwa sababu hiyo. Mimi sioni kosa. Chuo kinachomtafuta mtoto wa basuni kinamwambia mtoto huyo jambo ambalo hajawahi kuambiwa na mtu, kwamba anahitajika.

Hofu ya ala hizi kukosa warithi si ya Marekani pekee. Uholanzi, mpiga basuni Bram van Sambeek amekuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyopewa jina la Save the Bassoon, yenye lengo la kuinusuru ala hiyo kwa kuwavutia watoto. Kuna pia chama cha kimataifa, International Double Reed Society, kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho kila mwaka huitisha mkutano mkubwa wa wapigaji na mafundi. Lakini mkutano mkubwa ni wa wale ambao tayari wamefika. Siku ya chuo ni ya yule anayekaa mji mdogo ulio mwendo wa saa moja au mbili kwa gari, mwenye ala ya kuazima shuleni, ambaye bado hajajua kama ataendelea.

Asubuhi ya siku yenyewe huanza kwa usajili na chai, halafu darasa la wazi. Mwanafunzi hupanda mbele, hupiga kipande alichokiandaa, na mwalimu mgeni humrekebisha mbele ya wote. Nimeona katika madarasa hayo mambo mengi ya kawaida ya mdomo, vidole na mkao, nami sitayarudia. Nitataja moja tu, la pumzi.

Tundu la ulimi wa obo ni dogo mno. Mpiga fluti huishiwa hewa. Mpiga obo hupatwa na kinyume chake: mapafu yake hujaa hewa iliyokwisha kutumika, ambayo haikupata njia ya kutoka, na kabla ya kuvuta hewa mpya hana budi kwanza kuitoa ile ya zamani. Asiyejifunza jambo hili huzidiwa katikati ya wimbo huku kifua kimejaa. Mswisi Heinz Holliger, mmoja wa wapiga obo wakubwa wa karne iliyopita, alijulikana kwa ufundi wa kuvuta hewa puani huku mashavu yakiendelea kuisukuma sauti, hata ikawa haikatiki. Siku moja nilimtazama mgeni akiwafundisha vijana ufundi huo kwa mrija na glasi ya maji. Mtoto hupuliza mapovu majini, na mapovu yasikome wakati anavuta hewa kwa pua. Aliwaeleza kuwa ni mbinu ngumu ya wapigaji wa kisasa waliobobea. Wazee wangu, niliwakumbuka ninyi. Kirumbizi kinapochezwa Lamu, fimbo zikigongana na watu wamezunguka, zumari haikati sauti kungoja mpigaji apumue. Kile ambacho darasani kule ni kilele cha elimu, hapa kwetu ni mlango wa kuingilia.

Saa nne au tano hivi darasa huvunjika, na watu hugawanyika. Wako wanaokwenda kusoma noti za vikundi, wako wanaokwenda kwenye meza za wauzaji. Mimi nilikuwa nikienda moja kwa moja kwenye chumba cha visu na matete. Ni chumba cha kawaida cha darasa, meza zimepangwa na kutandikwa magazeti, kila nafasi ina kisu, tupa ndogo, msasa, uzi wa nailoni, kijisahani chembamba cha chuma, na kikopo cha maji. Wengi wa wazee wa kule bado wanatumia vile vikopo vidogo vya plastiki vilivyokuwa vikihifadhia filamu za kamera, kwa sababu vinaingia mfukoni na vifuniko vyake havivuji. Katika siku nzima, hapa ndipo ilipo elimu ambayo kitabu hakiwezi kuibeba, na nataka niikalie kidogo.

Tete lenyewe wataalamu wa mimea huliita *Arundo donax*. Humea kando ya Mediterania, na lile lililopata sifa tangu zamani hutoka mkoa wa Var, kusini mwa Ufaransa. Hukatwa majira ya baridi, kisha huachwa likauke muda mrefu hadi rangi ya kijani igeuke ya dhahabu. Kwa obo huchaguliwa vipande vyenye kipenyo cha milimita 10 hadi 11. Kwa basuni, karibu milimita 25. Kipande cha obo hupasuliwa kwa urefu mara tatu, kila pande hukombwa ndani hadi unene wake ubaki kama sehemu sita za kumi za milimita. Hapo hulowekwa, hukatwa umbo, hukunjwa katikati, na kufungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha shaba kilichovishwa gome laini la kizibo. Ulimi wa basuni hauna kijibomba cha ndani. Mguu wake hufinyangwa uwe mviringo, hukazwa kwa waya tatu na kuzungushiwa uzi, kisha huchomekwa kwenye shingo ya chuma iliyopinda.

Mpaka hapo hakuna sauti. Ncha hukatwa, mkunjo hugeuka kuwa mabapa mawili, na ndipo kisu kinapoanza kukwangua. Ncha hukwanguliwa hadi mwanga upenye. Nyuma ya ncha unene huongezeka kidogo, katikati huachwa uti, pembeni hupunguzwa. Kijisahani cha chuma huingizwa kati ya mabapa ili kisu kisilitoboe bapa la pili. Mchongaji hukwangua mara mbili tatu, hulowesha, hutia mdomoni, hupuliza ulimi peke yake bila ala, husikiliza. Wapiga obo wa Marekani hutaka mlio huo mkavu utoe noti ya Do, ya juu na ya chini kwa pamoja. Ukipanda mno, kuna kitu kimekatwa kifupi. Ukishuka, kuna mahali pamelegea. Mkwaruzo mmoja uliozidi, kazi yote hutupwa.

Na ulimi ukishakamilika, huishi wiki chache tu. Mate huuchosha, tete huzeeka. Hali ya hewa nayo huubadilisha. Ulimi uliochongwa katika mji wa pwani ukipelekwa Denver, mji ulio juu sana kutoka usawa wa bahari, hautakuwa ule ule. Ndiyo maana mpigaji wa kweli huchonga maisha yake yote. Unaweza kununua ulimi dukani, na wanafunzi wengi hununua, lakini ule ulichongewa mdomo usio wako na hali ya hewa isiyo ya kwenu. Siku mtoto anapochonga wa kwanza unaolia, hata kama unalia vibaya, anatoka kwenye utegemezi.

Sasa tazameni kinachotokea mezani. Mwalimu hachukui kisu cha mwanafunzi akamfanyia kazi. Huushika mkono wa mwanafunzi uliokishika kisu. Huelekeza pembe ya makali, uzito wa kidole gumba, mahali pa kusimama. Nimejaribu kuyaandika mambo haya kwa ajili ya wanafunzi wangu, na karatasi haikuwafaa kitu mpaka tulipokaa pamoja mezani. Mkono ulifundishwa na mkono. Ukimwuliza yeyote wa kule alifundishwa na nani, naye huyo na nani, mara nyingi mnafika kwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni Marcel Tabuteau. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1887, na kuanzia mwaka 1915 hadi 1954 alikuwa mpiga obo mkuu wa okestra ya Philadelphia. Alifundisha katika taasisi ya Curtis mjini humo, na namna ya kuchonga ulimi kwa kukwangua sehemu ndefu, tofauti na wa Ulaya unaokwanguliwa sehemu fupi karibu na ncha, ilienea Marekani kwa mikono ya wanafunzi wake. Alipostaafu, kiti chake kilichukuliwa na mwanafunzi wake, John de Lancie, aliyekikalia hadi mwaka 1977. Baada ya de Lancie akaja mwanafunzi wa de Lancie, Richard Woodhams, aliyekikalia hadi mwaka 2018. Hesabuni wenyewe: kutoka 1915 hadi 2018, zaidi ya miaka mia, kiti kimoja, watu watatu, kila mmoja amemfundisha anayemfuata. Vita vikuu viwili vilipita hapo katikati, na elimu haikukatika.

De Lancie huyo ana kisa ambacho kila mpiga obo anakijua. Mwaka 1945, vita vilipokwisha Ulaya, alikuwa askari wa Marekani nchini Ujerumani, akapata kumtembelea mtunzi mzee Richard Strauss nyumbani kwake Garmisch. Katika mazungumzo akamwuliza kama aliwahi kufikiria kutunga konserto ya obo. Strauss alijibu hapana. Lakini mwaka huo huo akaitunga, na mwanzoni mwa mwaka 1946 ikapigwa kwa mara ya kwanza Zürich. Leo ni miongoni mwa tunzo zinazopendwa zaidi za ala hiyo. Nawaeleza wanafunzi wangu kisa hiki kwa sababu kinaonyesha swali la mpigaji mmoja, lililoulizwa kwa adabu mbele ya mtu anayefaa, linavyoweza kuongeza kitu duniani. Kwenye siku ya chuo, wakati wa chakula cha mchana, mtoto wa sekondari huketi meza moja na mpigaji wa okestra. Nani ajuaye mtoto huyo atauliza nini.

Nimezitaja meza za wauzaji. Hapo utakuta obo za Lorée, nyumba ya Paris iliyoanza mwaka 1881, na basuni za Fox, kiwanda kilichoanzishwa Indiana mwaka 1949 na Hugo Fox baada ya yeye mwenyewe kuwa mpiga basuni mkuu wa okestra ya Chicago. Za Heckel kutoka Ujerumani, nyumba iliyoanza mwaka 1831, huwa zimebebwa na wenyewe waliokuja nazo, kwani bei yake ni makumi ya maelfu ya dola. Fundi hukaa pembeni na bisibisi ndogo, akirekebisha funguo za watoto ambao ala zao hazijawahi kuonwa na mtu anayezijua. Mara nyingi skrubu moja ikizungushwa robo, mtoto huondoka na ala mpya.

Basuni hutengenezwa kwa mti wa maple. Obo hutengenezwa kwa mpingo. Nataka wanafunzi walisikie hili vizuri. Ule mti mweusi, mzito kiasi cha kuzama majini, ambao wapigaji wa Paris na Philadelphia wanauegemeza kwenye midomo yao, hutoka hasa Tanzania na Msumbiji. Ni mpingo ule ule anaouchonga Mmakonde. Huchukua miongo mingi, saba au zaidi, kufikia unene wa kukatwa. Magogo hupasuliwa vipande vidogo vya mraba, miisho yake hupakwa nta ili visikauke kwa pupa vikapasuka, husafirishwa, hulazwa miaka, ndipo hutobolewa. Hata ikishakuwa obo, ala mpya hupigwa dakika chache tu kwa siku mwanzoni, kwa sababu pumzi ya mtu ina joto na unyevu, na mti huo bado unaweza kupasuka.

Kwa muda mrefu kijiji kilichokuwa na mpingo kilipata kidogo sana. Wilayani Kilwa mambo yalianza kubadilika vijiji vilipopewa usimamizi wa misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya huko vikapata hati ya FSC, ile ya misitu inayosimamiwa vyema, vikiwa vya kwanza barani Afrika kuipata kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii yenyewe. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya jamii nzima ya *Dalbergia*, mpingo ukiwemo, iliwekewa masharti ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na ala zilizouzwa kuvuka mipaka zikahitaji vibali. Mwishoni mwa mwaka 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaondolewa kwenye sharti hilo, lakini magogo yakabaki chini yake. Nadhani uamuzi huo ulikuwa wa busara. Mpiga obo anayenunua ala moja siye anayemaliza msitu. Nilipowaeleza wapigaji wa kule habari za Kilwa, walinisikiliza kwa makini kuliko nilivyotarajia. Wengi wao wameushika mpingo tangu utotoni, na hawakuwahi kukutana na mtu atokaye kwenye nchi yake.

Jioni inapofika, wote hukusanyika jukwaani. Obo ishirini, thelathini, basuni kumi na tano, pengine kontrabasuni moja inayonguruma chini kabisa. Mtoto wa mwaka wa kwanza hupewa sehemu rahisi, mzoefu hupewa ngumu, na sauti inayotoka ni nene, ina pua, ina makali. Okestra ya kawaida haina sauti hiyo.

Mfano wake wa kale unajulikana. Tarehe 27 Aprili 1749, katika bustani ya Green Park mjini London, Handel alipigisha muziki wa fataki za kifalme kusherehekea amani, akitumia obo 24, basuni 12, tarumbeta 9 na honi 9. Mfalme George wa Pili alitaka ala za kijeshi, si fidla. Miaka 210 baadaye, kondakta Charles Mackerras alipotaka kuurekodi muziki huo kwa umbo lake la asili, ilibidi afanye kazi usiku wa manane, kwa kuwa ni saa hizo tu, baada ya maonyesho yote ya jiji kumalizika, ndipo angeweza kuwapata wapiga obo zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Huo ulikuwa mji mkuu wa Uingereza, mwaka 1959. Siku ya chuo huwakusanya wengi kama hao mchana kweupe, bure au kwa ada ndogo, kwenye mji ambao jina lake hamjawahi kulisikia.

Nimefika nilipokuwa nikielekea. Zumari na obo ni watoto wa nyumba moja. Zurna ya Waturuki, mizmari ya Waarabu, shehnai ya Wahindi, suona ya Wachina, ndzumara ya Wakomoro, zote ni bomba linalopanuka chini na ulimi wa mabapa yaliyofungwa pamoja juu. Ukoo huo ulipita njia ya kaskazini ukaingia Ulaya, na katikati ya karne ya 17, katika jumba la Mfalme Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa, mafundi wa familia kama ya Hotteterre wakauchonga upya, ukawa obo. Ukapita njia ya bahari ya Hindi ukatufikia sisi. Wale wa kaskazini waliongeza funguo, wakaandika mitaala, wakaanzisha vyama. Sisi tuliubakisha kwenye mikono ya wazee, kwenye kirumbizi cha Lamu, kwenye ngoma ya sengenya ya Wadigo, kwenye harusi.

Na mikono hiyo haifundishi tena kwa wingi. Kwenye harusi ninazoalikwa, kinanda cha umeme kina kitufe chenye sauti inayoiga zumari, na kijana anayekibonyeza hajawahi kuiona zumari yenyewe. Simlaumu. Hakuna aliyemweka meza moja na mzee mwenye kisu. Wapo wanaosema dawa ni kurekodi. Nakubali turekodi, lakini rekodi huhifadhi wimbo, haihifadhi namna ya kukata ulimi. Vijana wakipata sauti zote za wazee wetu na wakakosa ulimi mmoja unaolia, hawataweza kupiga hata wimbo mmoja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, napendekeza idara yetu iitishe siku ya zumari. Isiwe mashindano, kwa sababu kwenye mashindano mzee huficha alichonacho. Isiwe tamasha la wageni rasmi na hotuba. Iwe siku ya kazi. Tuanze na chumba cha visu asubuhi, kabla ya jambo lolote, wakati macho na mikono bado havijachoka. Kila mzee akae na vijana wawili, si zaidi. Majani ya ulimi yaje yakiwa mabichi na makavu, ili vijana waone yanavyoandaliwa tangu mwanzo. Fundi seremala awepo, apime kila zumari itakayoletwa: urefu, upana wa tundu kwa ndani, umbali wa matundu ya vidole, aina ya mti. Vipimo hivyo viandikwe kwenye daftari moja la idara, na nakala apewe mwenye zumari. Mchana watu wale pamoja. Alasiri wapige, Lamu na Msambweni, Pemba na Tanga, kila mmoja mtindo wake, halafu wote kwa pamoja kwa wimbo ambao wazee wataukubali. Tumwalike pia mpiga obo mmoja, aje akae mezani kama mwanafunzi, alete visu na matete yake, nasi tumwonyeshe vyetu.

Wazee walipwe. Nalisema hili kwa sauti kwa sababu mara nyingi tumewaita watu wenye elimu adimu, tukawapa soda na cheti. Nauli yao ilipwe kabla hawajaondoka nyumbani, malazi yawe ya heshima, na posho iwe ile ile tunayompa profesa mgeni. Tarehe isigongane na Ramadhani wala na maulidi ya Lamu, ambapo wapigaji wenyewe wanahitajika kwao. Makadirio ya gharama nimeyaandika katika kurasa mbili na nimemkabidhi katibu wa idara kabla ya kikao hiki. Sehemu kubwa ni nauli. Visu, uzi na msasa havifiki bei ya kipaza sauti kimoja.

Sasa ningeomba, kabla ya maswali ya wanafunzi, tuwasikilize kwanza wazee waliokaa hapa mbele: wangependa siku hiyo ianze saa ngapi, na nani mwingine, huko watokako, hapaswi kukosa.